Upendo Unaotia Hofu: Barua za Mwisho za Luther kwa Katharina Zisomwapo Mpuguso

Mwezi wa Januari 1546 Daktari Martin Luther aliondoka Wittenberg kwenda Eisleben, mji aliozaliwa. Alikuwa na umri wa miaka 62, mwili umechoka kwa maradhi ya muda mrefu, na ilikuwa majira ya baridi kali. Aliitwa kuwapatanisha mabwana wa ukoo wa Mansfeld, ndugu kwa ndugu, waliokuwa wakigombea mali na haki zao. Alifuatana na wanawe watatu, Hans, Martin na Paul. Mkewe, Katharina von Bora, alibaki nyumbani, na usingizi ukamwishia kwa kumhofia mumewe. Akamwandikia. Barua alizomwandikia hazikuhifadhiwa, lakini majibu ya Luther tunayo. Yameandikwa katika majuma manne ya mwisho ya maisha yake, na katika maandiko yake yote ni machache yanayomfaa Mkristo wa leo kuliko hayo, hasa Mkristo mwenye ndugu wengi na simu.

Nimeamua kuyasoma majibu hayo pamoja nanyi kwa sababu jambo linalozungumzwa ndani yake lipo katika kila nyumba ya usharika wetu. Mtu anaumwa, au anadhaniwa kuumwa, na wale wanaompenda wanamtia hofu kubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Hawafanyi hivyo kwa ubaya. Shangazi anafika na mkungu wa ndizi, anaketi, anamtazama mgonjwa, anasema, "Mwanangu, mbona umepungua hivyo?" Kaka anapiga simu kutoka Mbeya kila jioni kuuliza presha imesoma ngapi. Binamu aliyeko Dar es Salaam anatuma katika kundi la simu la ukoo sauti ya mtu asiyemjua akieleza dalili kumi za moyo kufeli. Kila mmoja ametoa alichonacho, nacho ni upendo. Lakini usiku mgonjwa anabaki peke yake na vyote walivyomwachia, anaanza kuvihesabu.

Chuoni tulifundishwa kwamba barua husomwa kwa kuuliza nani anaandika, anamwandikia nani, na ni jambo gani limekwisha kusemwa kabla ya barua hiyo. Nitauliza hayo hapa. Nitasema pia mahali ambapo naona baba yetu huyu wa imani alikosea, maana kumheshimu mwalimu si kumfumbia macho.

Barua zenyewe

Tarehe 25 Januari Luther aliandika akiwa Halle. Mto Saale ulikuwa umefurika na barafu ilikuwa ikielea, wakashindwa kuvuka. Anamwambia mkewe kwa mzaha kwamba mto huo ulikuwa kama wale waliotaka kubatiza watu mara ya pili, nao hawakutaka kubatizwa tena. Tarehe 1 Februari anamwambia wazi kwamba karibu na Eisleben alipata udhaifu mwilini, upepo wa baridi ukampiga kichwani. Nitairudia barua hiyo, maana ndiyo yenye doa.

Tarehe 7 Februari anajibu moja kwa moja wasiwasi wa Katharina. Anamwagiza asome Injili ya Yohana na Katekisimo Ndogo, ile ambayo mwenyewe aliwahi kusema kwamba yote yaliyomo yamesemwa juu yake. Anamwambia kwamba anajaribu kuangalia mambo kwa niaba ya Mungu, kana kwamba Mungu si mwenyezi na hawezi kuumba akina Martin wengine kumi iwapo huyu mzee mmoja atazama mtoni. Kisha anasema anaye mtunzaji aliye bora kuliko mkewe na malaika wote. Mtunzaji huyo amelala horini, naye papo hapo yuko mkono wa kuume wa Mungu.

Tarehe 10 Februari mzaha unazidi. Anamshukuru kwa wasiwasi unaomnyima usingizi, kisha anamhesabia matokeo: tangu alipoanza kuwahofia, moto nusura uwateketeze mlangoni pa chumba chake, na jiwe nusura limwangukie kichwani. Anasema anaogopa kwamba mkewe asipoacha kuhangaika, ardhi nayo itawameza. Anamwelekeza kwenye Zaburi ya 55, panapotuagiza kumtwika Bwana mizigo yetu. Tarehe 14 Februari anatuma samaki aliopewa na mke wa mmoja wa mabwana wale, na anatumaini kurudi nyumbani juma hilohilo.

Hakurudi. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Februari 1546 alifariki palepale Eisleben.

Je, Katharina alikuwa na haki?

Msomaji wa haraka atasema: basi mama yule alikuwa sahihi, na mumewe aliyekuwa akimtania ndiye aliyekosea. Swali hili ni la kweli, na mtu anayezipenda barua hizi asilikwepe. Kama barua zingekuwa zimesema, "Usiogope, sitakufa," basi zingekuwa zimekanushwa na jeneza. Lakini zisome tena. Hakuna mahali Luther anapoahidi kwamba atapona au kwamba atarudi salama. Hata akina Martin kumi aliowataja wanadhani kwanza kwamba huyu wa sasa amezama. Anachoahidi ni kwamba yupo mwenye kazi ya kulinda, na kwamba mwenye kazi hiyo si Katharina.

Hii ndiyo nguvu ya kwanza ya barua hizi, na ndipo zinapopishana na faraja tunazopeana sisi. Sisi tunapotaka kumtuliza mgonjwa tunamwambia, "Utapona tu, hamna kitu hapo." Faraja hiyo inadumu mpaka dalili inayofuata. Kichwa kikigonga tena, inabidi atafutwe mtu mwingine wa kusema tena kwamba hamna kitu. Luther anaiweka faraja mahali ambapo dalili haifiki. Katika Katekisimo Ndogo ya 1529, akieleza Kifungu cha Kwanza cha Imani, anafundisha kwamba Mungu ndiye aliyetupa mwili na viungo vyake, na kwamba bado anavitunza. Mkristo anayekiri hivyo Jumapili hajasema kwamba mwili hautaugua. Amesema mwili huo una mwenyewe.

Nguvu ya pili ni ukweli. Luther hafichi. Udhaifu wa njiani, upepo, moto, jiwe, yote anayaandika. Familia nyingi zinadhani dawa ya wasiwasi ni kuficha, na mgonjwa anaambiwa "malaria kidogo" huku watu wazima wakinong'ona jikoni. Mgonjwa si mtoto. Mnong'ono anausikia, na kile anachokibuni mwenyewe ni kibaya kuliko kile kinachofichwa. Katharina aliambiwa kila kitu, tena na mhusika mwenyewe.

Nguvu ya tatu ni kwamba mwandishi anaendelea na kazi. Biblia yetu ya Kiswahili cha zamani humwita mgonjwa mtu ambaye "hawezi". Neno zuri, lakini tukilisikia vibaya tunamnyang'anya mgonjwa kila alichoweza: jembe, kuchuma chai, kupika, hata kuamua. Luther hakuwa mzima, lakini katika barua hizi anapatanisha, anahubiri, anakula, anacheka. Ugonjwa una nafasi yake ndani ya siku yake bila kuimeza siku yote.

Mahali barua zinapopungua

Sasa upande wa pili. Kusoma barua hizi ni kama kukaa kwenye daladala ya kwenda Tukuyu karibu na mtu anayezungumza kwa simu: unasikia upande mmoja na unadhani umeelewa ugomvi. Kwa kuwa barua za Katharina hazipo, ni rahisi kumwona kama mwanamke mwenye hofu asiye na imani. Hilo ni kumwonea.

Huyu ni mama aliyeuguza watu nyumbani mwake. Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, nyumba yao iligeuka kuwa mahali pa wagonjwa. Mwaka 1528 alimzika binti yake Elisabeth, mtoto ambaye hakufikisha hata mwaka. Mwaka 1537 mumewe alikaribia kufa huko Schmalkalden kwa mawe yaliyozuia mkojo. Mwaka 1542 alimzika Magdalena, binti wa miaka 13. Mwanamke wa namna hiyo akikosa usingizi mumewe akiwa safarini katika barafu, wasiwasi wake si upumbavu. Ni kumbukumbu. Na hivi ndivyo ilivyo kwa yule shangazi anayeshtuka kukuona umepungua. Huenda hakutazami wewe. Anamtazama dada yake aliyepungua vivyo hivyo, akamzika. Mgonjwa anayelijua hilo anaweza kuyapokea maneno ya shangazi kama habari za majonzi ya shangazi, wala si kama majibu ya maabara.

Tena mzaha wa Luther una mipaka. Ni mgonjwa mwenyewe anayemtania mkewe wa miaka zaidi ya ishirini, kwa lugha waliyozoeana. Ukitolewa mle ukawekwa mimbarani unageuka kuwa kitu kingine. Mhubiri akimwambia mama aliyeshikwa na hofu kwamba hofu yake ni kukosa imani, hajamfuata Luther. Amemwongezea mgonjwa ugonjwa wa pili, yaani aibu. Mgonjwa anaweza kuitania hofu yake. Sisi tulio wazima hatuna ruhusa hiyo mpaka tukaribishwe.

Kasoro kubwa iko katika barua ya tarehe 1 Februari. Luther anaeleza udhaifu uliompata njiani, na kwanza anasema vizuri kwamba kosa ni lake mwenyewe. Angeishia hapo! Lakini anaendelea, nusu mzaha, kwamba Katharina angekuwepo angewalaumu Wayahudi, kwa kuwa walipita kijiji walimokaa Wayahudi wengi, na labda hao ndio waliompulizia ule upepo wa baridi. Kisha mzaha unaisha: anaandika kwamba shughuli kuu zikimalizika atawashughulikia Wayahudi wafukuzwe. Miaka mitatu kabla alikuwa ameandika kitabu cha chuki dhidi yao. Maneno hayo yalikuja kutumiwa na watu waovu karne nyingi baadaye, na mwaka 1984, katika mkutano mkuu wa Budapest, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani liliyakataa waziwazi maandiko yake ya namna hiyo. Rais wa Fungamano aliyekuwa akimaliza kipindi chake katika mkutano huo alikuwa Mtanzania, Askofu Josiah Kibira wa Bukoba. Kanisa letu haliyajui mambo haya kwa mbali.

Kwa nini nalitaja katika makala ya wasiwasi wa ugonjwa? Kwa sababu huo upepo tunaujua hapa Rungwe. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi na kufanya utafiti kati ya Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika katika kitabu chake Good Company cha 1951 juu ya imani ya wazee wetu iliyoitwa embepo sya bandu, pumzi ya watu. Waliamini kwamba mtu akikosa, majirani na wazee wakamnung'unikia, manung'uniko yao humjia kama baridi mwilini, akaugua. Kwa hiyo mtu alipougua, swali lilikuwa: nani amesema nini?

Imani hiyo ilikuwa na jambo la hekima ndani yake. Ilijua kwamba maneno ya ndugu yanaingia mwilini. Ilijua pia kwamba kinyongo hakiponi mpaka kitamkwe, ndiyo maana wenye hasira walitakiwa kuisema wazi ili amani irudi. Lakini ilikuwa na hatari ileile iliyomnasa Luther garini: badala ya kumfunika mzee kichwa kwa kitambaa kizito zaidi, anatafutwa jirani aliyepuliza. Leo tunajiona tumeyaacha hayo, lakini mtu akipata kisukari tu utasikia katika kikao cha ukoo, "Hii si bure, kuna mtu." Sentensi hiyo fupi inamtia mgonjwa hofu mbili kwa mara moja, ya sukari na ya jirani. Na ya jirani haina kidonge.

Mgonjwa aliyesikitika kwa sababu ya habari zake

Kama Luther ametupa nusu ya mafundisho, nusu nyingine naiona kwa Mtume Paulo. Katika Wafilipi 2:25-30 anatajwa Epafrodito, ndugu aliyetumwa na usharika wa Filipi kumhudumia Paulo kifungoni. Akaugua huko, karibu na kufa. Sasa angalieni mstari wa 26. Paulo hasemi kwamba Epafrodito alisikitika kwa sababu ya ugonjwa. Alisikitika kwa sababu Wafilipi walikuwa wamesikia kwamba anaumwa. Kilichomlemea ni hofu ya watu wa nyumbani, iliyosafiri mbali na kumrudia kitandani.

Sijui andiko jingine linaloieleza hali hii kwa usahihi namna hiyo. Na dawa ya Paulo ni ya kawaida kabisa. Kwanza anasema ukweli wote: aliugua, alikaribia kufa, Mungu akamhurumia. Pili anawatumia mtu mwenyewe, wamwone kwa macho, waache kuishi kwa habari za kusikia. Tatu anawaagiza wampokee kwa furaha na kumheshimu, hawaagizi wamchunguze. Nne, anakiri kwamba yeye Paulo naye alikuwa na huzuni, nayo itapungua wakikutana. Huyu ndiye mtume ambaye sura mbili mbele anatuambia tusijisumbue kwa neno lolote. Kumbe neno hilo la sura ya 4 limeandikwa na mtu aliyekiri huzuni yake katika sura ya 2. Tulisome hivyo, tusiligeuze kuwa fimbo.

Hata Bwana wetu alipitia hapo. Marko 3:20-21 inaeleza kwamba watu walimsonga Yesu hata hakupata nafasi ya kula, na jamaa zake waliposikia wakatoka kwenda kumkamata, wakidhani amerukwa na akili. Naamini walimpenda. Yesu hakuwatukana wala hakuwafuata. Aliendelea na kazi ya Baba yake, na mwisho, pale msalabani, hakusahau kumkabidhi mama yake mahali pa kukaa. Kumbe inawezekana kuwapenda ndugu bila kuikubali kila hofu yao.

Hofu inavyofanya kazi mwilini

Namjua mama mmoja, mkulima mdogo wa chai, ambaye ameniruhusu kusimulia habari zake bila kumtambulisha. Aligunduliwa presha, akaanzishiwa vidonge, akaambiwa apunguze chumvi na arudi kliniki kila mwezi. Wanawe wakashtuka. Mmoja akamnunulia mashine ya kupimia nyumbani, mwingine akamtaka atume namba asubuhi na jioni, na wa tatu akampigia kila namba ilipopanda. Baada ya miezi miwili alikuwa anajipima mara sita kwa usiku mmoja. Moyo ulimwenda mbio kabla hajafunga kile kitambaa mkononi, na kwa hiyo namba ilipanda, na kwa kuwa ilipanda aliogopa zaidi, akapima tena. Kufikia hapo alikwishaacha kuchuma chai na kuja kwenye kwaya. Mwishowe alianza kuwadanganya wanawe namba, kisha akaacha kwenda kliniki, kwa sababu kila safari ya kliniki ilifuatwa na simu nane.

Wapendwa, hapo ndipo penye hatari. Upendo ulionuia kumpeleka mama hospitali ndio uliomtoa hospitali.

Wauguzi wanajua vizuri jambo hili, ndiyo maana mtu huelekezwa akae kimya kama dakika tano kabla ya kupimwa. Hofu yenyewe hupandisha presha kwa muda, huongeza mapigo ya moyo, hutoa jasho, hukaza kifua na kufanya pumzi iwe fupi. Mwenye hofu akizihisi dalili hizo anadhani ndio ugonjwa unaanza. Hadanganyi, wala si "mawazo tu". Anahisi kitu cha kweli, ila amekisoma vibaya. Na hofu ya namna hii ikidumu majuma mengi ni jambo la kupelekwa kwa daktari kama malaria inavyopelekwa. Haimpunguzii mtu ukristo wake.

Taifa letu limewahi kuona hofu na upendo vikiungana kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walisafiri kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu wa kanisa letu, Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Nia ya wale waliosafiri siihukumu. Natazama wale waliowabeba. Wagonjwa wengi hawakwenda kwa miguu yao. Ndugu walichanga fedha, wakakodi magari, wakawatoa wengine vitandani, na wapo waliofia njiani na kwenye foleni. Wapo pia walioacha dawa zao za kila siku. Ndugu walishindwa kukaa kitako na mgonjwa bila kufanya jambo. Kufanya jambo kuliwatuliza wao.

Luther alilijua hilo pia. Katika waraka wake wa 1527 juu ya tauni, anafundisha kwamba mtu anayekataa dawa na tahadhari kwa kisingizio cha imani anamjaribu Mungu, na kwamba anayemkimbia jirani anayemhitaji amemkimbia Kristo. Waraka huo uwekwe kando ya barua kwa Katharina, visomwe pamoja. Barua bila waraka ingeweza kumfanya mtu avidharau vidonge. Waraka bila barua ungemwacha na vidonge mezani na usiku usio na mwisho.

Basi tufanyeje?

Yule mama alisaidiwa na mambo madogo, na nayataja kwa sababu yanaweza kufanyika katika nyumba yoyote ya Mpuguso.

Wanawe walikubaliana kwamba mmoja wao, yule anayekaa karibu naye, ndiye atakayejua habari za kliniki na kuwapa wengine. Simu nane zikawa moja. Wengine waliobaki waliruhusiwa kupiga, lakini kuzungumza habari nyingine: mvua, mahindi, wajukuu. Mashine ya kupimia iliondoka chumbani, ikawekwa kwa mwanawe, na alipimwa kwa ratiba aliyopewa na mganga wa kliniki. Alirudi kuchuma chai asubuhi na kuimba kwaya Jumamosi. Pia alijifunza jibu moja la kuwapa wageni, bila ukali: "Ahsante kwa kunijali. Dawa natumia, kliniki nakwenda. Sasa niambie habari za nyumbani." Presha anayo hadi leo, na vidonge anameza.

Kwa mwenye hofu ninaongeza neno moja. Si kila neno la ndugu linakudai jibu, na si kila hofu uliyoletewa ni yako. Unaweza kumwambia Mungu katika sala, "Hii ni ya dada yangu, nakukabidhi pamoja naye." Hiyo ndiyo maana ya kumtwika Bwana mzigo: kwanza kuujua ni wa nani.

Kwa sisi tunaotembelea wagonjwa ninaongeza jingine. Marafiki wa Ayubu wanasemwa vibaya sana, lakini walifanya jambo moja jema ambalo wengi wetu hatujalifikia: waliketi naye chini siku saba mchana na usiku, bila kusema neno. Taabu ilianza walipofungua vinywa kueleza chanzo. Ukienda kutoa pole, mwili wa mgonjwa usiutangaze. Usimwambie amepungua, kioo anacho. Usimsimulie aliyekufa kwa ugonjwa kama wake. Usimpe jina la dawa uliyoisikia redioni. Uliza, "Nikusaidie nini leo?", na akisema kuni, leta kuni. Omba sala fupi. Ondoka kabla hajachoka.

Kati ya barua za Katharina zilizobaki, ipo aliyomwandikia mke wa kaka yake mwezi Aprili 1546, majuma machache baada ya mazishi. Anasema hawezi kula wala kunywa, wala kulala, na huzuni yake hawezi kumweleza mtu. Barua zote za mzaha na Katekisimo hazikumzuia asilie, wala Luther hakukusudia hivyo. Aliishi miaka sita mingine, akalea watoto katika vita na umaskini, akafariki mwaka 1552 akiwa bado mtu wa imani ileile. Wasiwasi wake wa Februari haukumwongezea mumewe hata siku moja. Machozi yake ya Aprili yalikuwa haki yake. Kanisa linalojua kuitofautisha hofu na majonzi litawatendea haki wagonjwa wake na ndugu za wagonjwa wake pia.

Jumapili hii, kabla hamjatoka ibadani kwenda kumwona mgonjwa, kubalianeni njiani ni nani atakayezungumza, na wengine mbebe maji.